Jicho Linatangulia Muhuri

Wengi wanaoandaa maombi ya viza ya mwenza humwona wakili kama kizuizi cha ushuru barabarani: unasimama, unalipa, unagongewa muhuri, unaendelea na safari. Ndiyo maana vishoka, yaani mawakili bandia, hawakosi wateja. Kishoka anagonga haraka, hakuulizi kitu, tena anakupunguzia bei. Ukitaka kujua muhuri ulipaswa kubeba nini, kaa kwenye benchi la wakili anayeijua kazi yake, umtazame.

Ninayemsema ni mama mmoja mwenye ofisi ndogo karibu na Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Nilikwenda kumsindikiza mdogo wangu aliyekuwa akijiandaa kumfuata mumewe Uingereza. Hati halisi anaziweka kushoto, fotokopi kulia. Hasomi kuanzia juu kama sisi. Anaanza na namba: namba ya cheti, namba ya ingizo kwenye daftari, kisha tarehe, na majina mwisho. Anasema jina jicho hulisoma kwa mazoea, namba inakulazimisha utazame. Akimaliza anageuza cheti. Kama nyuma kuna muhuri au maandishi na fotokopi ina upande wa mbele tu, anairudisha. Nusu ya hati si nakala ya hati.

Cheti cha ndoa anakisoma kwa utulivu zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, kwa hiyo anaulizia ndoa ni ya aina gani na hali ya kila mmoja kabla ya kuoana. Aliyeandikwa mtalaka aje na hati ya talaka, aliyefiwa aje na cheti cha kifo. Hakuna aliyemwagiza kuuliza hayo. Anauliza kwa sababu afisa wa viza naye atauliza, na huyo huwezi kumjibu ukiwa umekaa naye meza moja.

Kinachomchosha ni laminesheni. Watanzania tunapenda kuvivalisha vyeti nailoni kana kwamba vitanyeshewa, halafu muhuri wa kukandamizwa, ule unaoupapasa kwa kidole, unapotelea ndani ya plastiki. Anashusha pumzi, anakiinua cheti kwenye mwanga wa dirisha, anakipindua huku na huku. Asiporidhika anakurudisha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, vifo na ndoa, ukachukue kingine.

Halafu kuna majina. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha kuzaliwa mawili, cheti cha ndoa kimeandika Hamis badala ya Hamisi. Kwa tofauti za namna hiyo anaandaa kiapo cha majina: mtu anaapa kwamba majina yote hayo ni yake. Lakini aliyeliacha jina moja na kushika jingine anahitaji hati ya kubadili jina, tena iliyosajiliwa. Nimeona ofisi ambako yote mawili yanaitwa kiapo na kutozwa bei moja. Yeye hachanganyi.

Uhodari wake hasa uko kwenye mistari ya mwisho ya kiapo, ile mawakili wanayoiita jurati. Pale wakili, akiwa kamishna wa viapo, anaandika jina lake, mahali na tarehe kiapo kilipoliwa, na kama mwapaji anamfahamu yeye mwenyewe au ametambulishwa na mtu anayemfahamu. Ni mistari michache tu, lakini mahakama zetu zimekwisha kutupa viapo kwa sababu ya kasoro hapo hapo. Mdogo wangu alikuja na kiapo alichokichapa nyumbani, akashika kalamu asaini. “Binti, weka kalamu chini kwanza,” mama akamwambia. Akamsomea aya moja moja, akimwuliza kila mara kama ni kweli. Aya ya nne ilisema wameishi pamoja tangu siku ya harusi, wakati mume aliondoka baada ya likizo yake kwisha. Ikafutwa, ikaandikwa upya. Ndipo akamruhusu asaini mbele yake.

Anajua pia mpaka wa kazi yake, na hilo ndilo ninalomheshimia zaidi. “Mimi nathibitisha karatasi inafanana na karatasi,” alisema. “Kama ndoa yenyewe imo kwenye daftari, waulizeni RITA.” Kwa nchi zinazodai mlolongo mzima, RITA wanahakiki cheti, Wizara ya Mambo ya Nje inathibitisha saini na muhuri, kisha ubalozi unaweka wake. Kila mmoja anamdhamini aliyemtangulia tu. Majirani zetu wamefupisha njia kwa mkataba wa Hague wa mwaka 1961: Burundi tangu 2015 na Rwanda tangu 2024 zinatumia hati moja ya uthibitisho, inayotosha kwa nchi nyingine zilizomo kwenye mkataba huo.

Tafsiri hazigusi. Barua ya serikali ya mtaa, au jumbe za simu za mke na mume ambazo ni Kiswahili kitupu, anazielekeza Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) au kwa mfasiri anayeaminika. Waingereza wanataka mfasiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina kamili, saini na mawasiliano yake. Mama hatii muhuri kwenye maneno ambayo hakuyapima mwenyewe. Vilevile, wakili anayesimamia shauri lako sheria haimruhusu kukuapisha katika shauri hilo hilo. Akikuambia uvuke korido uende kwa mwenzake, usidhani anakukwepa.

Tulitoka jioni, mafaili mengine bado hayajakamilika, na mteja mmoja nyuma yetu alikuwa akilalamika kwamba mtaa wa pili wanagonga kwa dakika tano. Ni kweli, wanagonga. Kabla hujawafuata, tafuta jina la wakili wao kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama leseni yake ni hai. Kisha nenda mwenyewe, usimtume mtu; beba hati halisi zote, zitoe kwenye nailoni kama zinatoka, na usisaini kitu chochote ukiwa nyumbani.