Sindano Chini ya Kovu

Wazee wa Kimwera na wa Kimakonde, katika nchi hii ya Nachingwea na Ruangwa, walikuwa wakichanja chale usoni na kusugua unga wa makaa katika jeraha, nao walijua kwa tajiriba, pasipo kusomeshwa na tabibu yeyote, kwamba ngozi iliyojeruhiwa kwa kipimo hujijenga upya, na kwamba sura ya kovu hutegemea mkono wa fundi. Kanuni hiyo hiyo ndiyo msingi wa tiba ya makovu ya chunusi kwa sindano, ingawa madhumuni yake ni kinyume, yaani kuifuta alama.

Chunusi iliyochimba sana huiharibu ngozi ya ndani, na palipoharibika hufungwa na nyuzi ngumu zinazoivuta ngozi ya juu hata pakawa shimo. Ndiyo sababu mafuta ya kupaka hayafui dafu mbele ya shimo la namna hiyo, sembuse mkorogo, ambao huichubua ngozi na kuziacha nyuzi pale pale. Mwaka 1995 matabibu wa New York, David na Norman Orentreich, waliandika jinsi ya kuzikata bila kuupasua uso: mahali hutiwa ganzi, sindano yenye ncha kali hupenyezwa kando ya kovu, ikalazwa chini ya ngozi, kisha ikapelekwa huku na huku mpaka mkono usikie nyuzi zikiachia. Damu ivujayo ndani huganda, ikaizuia ngozi isishikamane tena na chini, na katika nafasi hiyo mwili hutengeneza kolajeni mpya, yaani protini inayoijenga ngozi.

Njia nyingine ni kuitoboa ngozi kutoka juu: mwaka 1997 Camirand na Doucet, wa Montreal, waliandika jinsi walivyoyatoboa makovu kwa mashine ya kuchorea tatuu pasipo wino, nayo kwa hakika ni chale isiyo na makaa. Baadaye Des Fernandes, mpasuaji wa Cape Town, akabuni gurudumu dogo lenye sindano nyingi.

Kwa ngozi nyeusi naipendelea sindano kuliko leza, maana rangi ya ngozi hunywa mwanga wa leza ukageuka joto, na joto hilo aghalabu huacha mabaka yanayodumu miezi mingi. Walakini mwenye asili ya makovu ya kuvimba na ajihadhari sana, na chunusi zikiwa zingali zatoka, sharti zitulizwe kwanza na mjuzi wa ngozi, mathalani wale waliofunzwa katika chuo cha kanda kilichoanzishwa KCMC, Moshi, mwaka 1992.

Kwa mkulima wa korosho wa Kiegei, hapa Nachingwea, majira yana uzito wake: mafuta ya ganda la korosho huiunguza hata ngozi nzima, na jua la shambani huyatia weusi majeraha mabichi, kwa hiyo namshauri aanze tiba baada ya mavuno, arudie kila baada ya wiki nne hadi sita, wala asiyahukumu matokeo kabla ya miezi kadhaa kupita tangu mara ya mwisho, kwa kuwa kolajeni hujengeka polepole.