Mwenye waya njo mwenye maneno?

Juma hili nimerudilia kusoma maoni ya hakimu Brett Kavanaugh ya Mai 2017, katika kesi ya makampuni ya intaneti na FCC, ile ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano. Andiko limepangwa vizuri, siwezi kukana. Lakini limejengwa juu ya mfano mubaya.

Kesi ilikuwa hivi. Mwaka 2015 FCC ilitoa kanuni: kampuni inayokuuzia intaneti isifunge tovuti yoyote halali, isiipunguzie mwendo, wala isipokee pesa ili ipitishe moja mbele ya zingine. Kumbe tangu 2012 Verizon ilikwisha kulalamika juu ya kanuni za mbele, kwamba zinaiziba kinywa, ikijilinganisha na mkubwa wa gazeti anayechagua habari za kuchapa. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya Washington ilikataa hoja hiyo: ninyi ni wabebaji, sawa na simu. Wenzake walipokataa kuisikiliza kesi upya, Kavanaugh akawapinga. Kwake, kesi ya Turner ya 1994 ilikwisha kuyapa makampuni ya televisheni ya kebo haki ya kusema, na mwenye intaneti ni ndugu yao. Ata kama hajawahi kuchagua kitu, haki haipotei kwa kutotumiwa.

Hapa njo tunaachana. Mwenye kebo alichagua chaneli, na mteja alijua ananunua uchaguzi ule. Miye nikilipa mega, silipi kusikia maoni ya kampuni. Ninalipa ujumbe wangu ufike kwa mama, Bukavu. Nani alishafungua Wikipedia akasema: leo kampuni ya simu imenifundisha kitu? Tena hakimu Srinivasan alionyesha kwamba kanuni iligusa tu kampuni inayoahidi kumfikisha mteja popote. Ile inayotaka kuuza intaneti ya kuchujwa, na inalisema waziwazi, ilibaki huru. Basi kinywa gani kilizibwa? Na Turner yenyewe iliishia wapi? Mwaka 1997 makampuni ya kebo yalishindwa, kura 5 kwa 4.

Kuna jambo moja halinipi amani. Sisi tunajua kukatiwa. Kuanzia 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, tulikaa karibu siku 20 bila intaneti kwa amri ya serikali. Siku zile ningefurahi kuona kampuni moja tu ikiambia wakubwa "hapana". Rafiki yangu avoka ananiambia: unaona, kampuni yenye haki ya kusema ingekulinda. Nimelifikiria sana. Lakini haki anayoitetea Kavanaugh ni ya kampuni kuchagua kipi kipite. Ingeweza kunifungia yenyewe, bila amri ya mtu. Januari ile aliyezibwa kinywa ni miye na mama yangu, si mwenye antena.

Kavanaugh anakubali serikali iingilie kama inaonyesha kwamba kampuni ina nguvu kupita kiasi kwenye soko. Hapo tungezungumza. FCC haikuchukua njia hiyo, na naona ilikosea.

Kanuni zilifutwa Desemba 2017, zikarudishwa 2024, na Januari 2025 mahakama nyingine ya rufaa ikazivunja kwa sababu tofauti kabisa, bila kuamua swali la kinywa. Kavanaugh, yeye, tangu Oktoba 2018 ameketi katika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani.