Tathnia ya Antena Mbili

Oktoba 1998 Siavash Alamouti alichapisha katika jarida la IEEE makala ya kurasa 8 kuhusu kurusha mawimbi kwa antena mbili. Kiini chake ni jedwali dogo, nami nalisoma kama tathnia: mishororo miwili, kila mmoja una ukwapi (kipande cha kwanza) na utao (kipande cha pili). Ukwapi ni wa antena ya kwanza, utao ni wa ya pili, na kila mshororo ni zamu moja ya kurusha.

Mshororo wa kwanza hauna makuu. Antena ya kwanza inarusha alama a, ya pili inarusha alama b, kwa wakati mmoja. Ufundi wote umo katika mshororo wa pili. Hapo a na b zinabadilishana nafasi na, kwa kuwa ni namba changamano, sehemu zao za kufikirika zinageuzwa ishara. Kisha b peke yake inatanguliziwa ishara ya kutoa.

Kistari hicho kimoja ndicho kinachobeba kazi nzima. Ukizidisha ukwapi kwa utao jinsi kanuni inavyotaka, mazao ya mshororo wa pili yanafuta ya kwanza, hata a na b ziwe zipi. Kwa hiyo simu yenye antena moja tu, ikishapima njia mbili za mawimbi, inazidisha na kujumlisha, na a inatoka bila chembe ya b. Njia moja ikififia, nyingine inaokoa ujumbe. Kama kila alama inaweza kuwa na thamani 4, hakuna haja ya kulinganisha jozi 16. Kila alama inaamuliwa peke yake. Na mnara wenye antena mbili za kurushia hauhitaji kujua lolote kuhusu hali ya njia. Huu ni uchache wa maneno wa hali ya juu!

Umbo hili lina masharti yake. Njia isibadilike kati ya mishororo miwili, la sivyo mfutano unaharibika. Nguvu ya mnara inagawanywa nusu kwa nusu, hasara ya desibeli 3 ukilinganisha na simu yenye antena mbili za kupokelea. Tena halirefuki: mwaka 1999 Tarokh, Jafarkhani na Calderbank walithibitisha kwamba, kwa namba changamano, jedwali la mraba lenye sifa hizi zote linapatikana kwa antena mbili tu.

Anayefundisha mawasiliano aliandike jedwali la Alamouti ubaoni kabla ya milinganyo, kisha amwachie mwanafunzi afute kile kistari na kukokotoa upya, aone mwenyewe b inavyomwagika ndani ya a.