Nyuzi Sabini na Nane

Ukila peke yako Forodhani watu hukuhurumia. "Mwenzio yuko wapi?" muuza urojo aliniuliza kabla sijakaa. Nilipomwambia sina mwenzangu, nimevuka kwa boti kutoka Dar Ijumaa ile na nitarudi Jumapili, nimekuja kula, kutazama taa na kusikiliza taarab, alinitia kachori ya ziada asinitoze. Sikuikataa. Huruma ya Waunguja ina ladha.

Nilikaa nikimtazama mkono. Viazi vilitangulia bakulini, kisha bajia alizozivunja kwa vidole, kisha mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe bichi, chatne ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi za muhogo. Muhogo ukitangulia hulowa ukawa uji. Ukija mwisho utausikia ukilia mdomoni. Alifanya hayo yote huku akibishana na jirani yake habari za mpira, wala hakulitazama bakuli hata mara moja.

Taa za meza zile siku hizi ni balbu za kuchaji. Mimi ni wa umri wa karabai, na naukumbuka mvumo wake kama mtu anavyokumbuka mkoromo wa babu. Nyuma ya moshi wa mishkaki limesimama Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, linalohesabiwa kuwa la kwanza kisiwani kuwashwa umeme. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Barghash huyohuyo ndiye anayetajwa kumpeleka Misri Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni. Kwa hiyo taa na kanuni ziliingia Unguja kwa mlango mmoja, ingawa wageni husimuliwa kisa cha taa tu.

Jumamosi nilifanya kosa la mtu wa Dar: nikafika ukumbini kwa saa iliyoandikwa kwenye tangazo. Viti vitupu. Jukwaani mzee mmoja wa kofia ya kiua, kanuni mapajani, ufunguo mdogo mkononi.

Kwa asiyeijua, kanuni ni sanduku bapa la mbao, upande mmoja umekatwa mshazari, na juu yake nyuzi 78, zimepangwa tatu tatu. Kila tatu hizo lazima ziimbe sauti moja. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole viwili vya shahada, kila pete imebana kijiti chembamba, na kwa hivyo anadonoa. Watu husifu kudonoa huko, na kweli kunapendeza kama mvua juu ya bati. Mimi nimerudi nyumbani nikisifu kazi ya kabla yake, ambayo hakuna anayeilipia tiketi. Daraja la nyuzi limekaa juu ya ngozi, na ngozi ikipata unyevu wa bahari hulegea. Sauti uliyoipata alasiri huikuti usiku. Mzee alidonoa uzi, akasikiliza, akauzungusha ufunguo kidogo kuliko jicho langu lilivyoweza kuona, akadonoa tena. Akahamia wa pili. Akaurudia wa kwanza. Wa fidla na wa udi walikuwa wamekwisha kuingia, wamekaa kimya wakimngoja, maana sauti wataichukua kwake.

Umeme ukakatika.

Hakuna aliyeguna. Mji uliokaa gizani miezi mitatu, tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, hauguni kwa jambo dogo kama hilo. Mzee aliinua uso akaniona, mtu pekee katika safu ya mbele.

"Mwanangu, una tochi kwenye simu?"

"Ninayo, babu."

"Njoo nimulikie hapa. Usinimulikie macho."

Nikapanda jukwaani, nikapiga magoti. Kwa karibu vile niliona kucha yake ya kidole gumba ilivyochimbika, na vigingi vilivyong'aa kwa kushikwa miaka na miaka. Aliponyamaza kusikiliza nilijikuta nimezuia pumzi. Safari moja nilidhani uzi umekaa sawa. Akatikisa kichwa, akauvuta kiasi cha unywele mmoja, na zile nyuzi tatu ghafla zikawa uzi mmoja. Mkono wangu ulianza kutetemeka, kivuli kikatetemeka nao. "Tulia," akasema, kwa upole.

Umeme uliporudi watu walikuwa wamejaa, wakapiga makofi. Nikaishusha simu niondoke.

"Bado," akasema. Taa ya darini, alinionesha, inamwagia kivuli cha mkono wake mwenyewe palepale penye vigingi. "Yako inatoka ubavuni. Zimebaki sita."

Nikamulika mpaka zikaisha zote sita. Simu yangu ilizima wimbo wa kwanza haujafika kiitikio.