Tupa Katika Kitasa cha Nyuma

Wengi wa waliokuwapo gerejini siku ile, walipoliona gari la Starlet la miaka ya tisini likiingia na funguo tatu na kutoka na mmoja, waliondoka wakimsifu fundi. Nami simnyimi sifa aliyoistahili, lakini siwezi kuuheshimu mkono uliochukua tupa ilhali dawa halisi ilikuwa juu ya meza, shibiri moja tu kutoka kwenye kiwiko chake.

Asili ya taabu haihitaji maelezo marefu. Mlango wa kushoto ulibadilishwa baada ya ajali, mlango wa nyuma ukatolewa katika gari jingine kabisa, na kila mmoja ukaja na kitasa chake, hata mwenye gari akawa anatembea na kicha cha funguo mithili ya bawabu. Mlango wa kushoto ulifanywa vizuri: ubao ulivuliwa bila kuvunja vishikizo, klipu ikachomolewa, vibati, yaani vile vipande vyembamba ndani ya kitasa vinavyoukubali au kuukataa ufunguo, vikapangwa upya kwa kuufuata ufunguo wa swichi, na nailoni ya kuzuia maji ikarudishwa mahali pake, jambo ambalo mafundi wengi wa leo hulisahau.

Kisha ukaja mlango wa nyuma. Kiini cha kitasa kilikuwa kimetoka katika ganda lake, kimelala kiganjani. Ufunguo wa swichi ukatiwa ndani. Vibati vyote vikazama sawasawa na uso wa kiini isipokuwa viwili, kimoja kimechomoza kiasi cha unene wa ukucha, cha pili pungufu ya hapo. Juu ya kitambaa mezani vilikuwapo vibati vilivyobaki kutoka katika kitasa kikuukuu alichokinunua mwenye gari kwa ajili ya kazi hii hii, kila kimoja kimegongwa namba yake ndogo. Fundi alivitazama, akatazama saa, akachukua tupa, akavipiga vile viwili mpaka vikawa sawa na kiini. Akazungusha ufunguo; kitasa kikafunguka; watu wakapiga makofi.

Ni makofi hayo yanayoniudhi, kwa maana kufunguka kwa kitasa si ushahidi wa kitu. Kazi ya kitasa ni kukataa. Kibati kizima, kama kila aliyewahi kukishika ajuavyo, kina urefu unaokaribia kipenyo cha kiini, na kwa sababu hiyo kina mahali pamoja tu ambapo hakichomozi juu wala chini. Ufunguo ukikipandisha mno au ukikishusha mno, ncha ya kibati huingia katika mfereji wa ganda na kiini hakizunguki. Kikatwe ncha moja, nacho kimekuwa kifupi: sasa kinakubali kimo kilicho sahihi, na kimo cha jirani yake, na pengine cha jirani wa jirani. Hakilindi tena, kinasindikiza. Tufanye hesabu ya darasani: kitasa chenye vibati 6, kila kimoja cha vimo 4, kina mipangilio 4,096; vibati 2 vikifa, inabaki 256. Na humo ndani ya 256 zimo funguo zilizolika za magari mengine ya aina ile ile, ambazo mji huu umejaa.

Wapo watakaonijibu kwamba mwizi atavunja kioo, basi kitasa kina maana gani? Hoja hii nimeisikia tangu zamani na haijawahi kunona. Kioo kikivunjwa husikika, na vipande vyake hubaki kuwa ushahidi. Kitasa kilichofunguka kwa upole humwacha mwenye mali akibishana na polisi kwamba aliufunga mlango. Tena katika gari la namna hii hakuna buti lililojitenga: aufunguaye mlango wa nyuma amekwisha ingia mpaka kwenye usukani. Kama ilikuwa lazima kitasa kimoja kidhulumiwe, hiki ndicho kilichokuwa cha mwisho kustahili.

Na kana kwamba tupa haikutosha, ikafuata grisi. Nimelalamika juu ya grisi katika vitasa mpaka wasomaji wamechoka, nami sijachoka. Grisi hushika vumbi, na hapa ilishika chenga za shaba zilizotoka kwenye tupa yenyewe, ikazifanya tope la kusaga springi. Unga mkavu wa grafiti ndio unaofaa, na asiyeupata akwangue ncha ya penseli.

Hapo zamani mtengeneza vitasa Joseph Bramah aliweka kitasa chake dirishani mwa duka lake London na ahadi ya gini 200 kwa atakayekifungua bila ufunguo wake, nacho kikakaa zaidi ya miaka 60 mpaka Mmarekani Alfred Hobbs alipokishinda mwaka 1851, baada ya saa 51 za kazi zilizotandazwa katika siku 16. Hao walikuwa watu walioona haya kwa kitasa kukubali ufunguo usio wake. Wala sina haja ya kwenda mbali: wazee wetu wa funguo, waliokaa barazani na jiliwa moja na tupa chache, waliweka vibati katika makopo ya tumbaku, kila namba na kopo lake, na tupa yao ilijua ufunguo tu. Kibati kilichokosekana kilisubiriwa hata kesho, na mteja akarudi kesho bila kunung'unika.

Kwa hiyo, wewe mwenye gari la funguo nyingi, kabla hujatoa fedha azima ufunguo wa gari jingine la aina hiyo, ulio tofauti na wako, ujaribu katika kila kitasa kilichoguswa. Ukizunguka hata robo, kirudishe mezani, udai kiini kifunguliwe mbele yako, na vibati vilivyopigwa tupa vitupwe, vitiwe vizima.