Usanisi kama Kipimo cha Uchambuzi: Tathmini ya Mpangilio wa Ladefoged katika Ufundishaji wa Fonetiki

Vitabu vingi vya utangulizi wa fonetiki huanza na ala za matamshi, kisha huainisha konsonanti kwa mahali na namna ya kutamkwa. Peter Ladefoged, katika kitabu cha *Vowels and Consonants* (2001), aligeuza mpangilio huo. Msomaji hukutana kwanza na kidatu, ukubwa wa sauti na fomanti za irabu. Kisha hufuata sura za kompyuta inayosema na kompyuta inayosikiliza. Ndipo matamshi huelezwa kwa kina. Sehemu hii inatathmini mpangilio huo kwa kuzingatia mahitaji ya mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili.

Ubora wake mkuu ni kuufanya usanisi uwe kipimo cha uchambuzi. Msingi wa hoja hii ni nadharia ya Gunnar Fant (1960), inayotenganisha chanzo cha sauti, kama vile mtetemo wa nyuzi za sauti, na mkondo wa hewa unaoichuja sauti hiyo. Mwanafunzi anaweza kukariri kwamba [i] ni irabu ya juu mbele bila kuelewa maana yake. Anayetakiwa kuiunda kwa kompyuta hulazimika kuishusha fomanti ya kwanza na kuipandisha ya pili. Akikosea, sikio lake humsahihisha papo hapo.

Hata hivyo, mifano ya usanisi katika kitabu hicho inaegemea Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake mara nyingi hailingani na matamshi. Mwanafunzi anaweza kuhitimisha kwamba Kiswahili, ambacho tahajia yake hukaribiana sana na matamshi, hakina tatizo hilo. Neno *mbuni* linapinga hitimisho hilo. Likimaanisha ndege, lina silabi mbili: *mbu-ni*. Likimaanisha mtu anayebuni (wingi *wabuni*) au mti wa kahawa (wingi *mibuni*), lina silabi tatu: *m-bu-ni*. Mkazo hautofautishi maana hizo, kwa kuwa kote huangukia silabi yenye [u]. Tofauti imo katika nazali, nayo haionekani katika maandishi. Katika *Mbuni umekauka*, upatanisho wa kisarufi hubainisha mti. Katika *Mbuni amekimbia*, haubainishi iwapo ni mtu au ndege. Kwa hiyo, kompyuta inayosoma Kiswahili huhitaji mofolojia, na wakati mwingine muktadha, kabla ya kutoa sauti.

Pengo hili linazibika darasani. Praat, programu ya bure iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, humwezesha mwanafunzi kurekodi maneno hayo, kupima muda wa nazali katika spektogramu, kisha kuurefusha au kuufupisha. Wasikilizaji wakibadili neno wanalolitambua, muda utakuwa umethibitika kuwa kidokezi. Wasipobadili, uchunguzi utahamia kwenye kidatu au nguvu ya sauti.

Kwa jumla, mpangilio wa Ladefoged unafaa kufuatwa, lakini mifano yake haitoshi kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Dai kwamba nazali fulani ni silabi lisiishie kwenye ubao wa darasa. Lisikilizwe, lipimwe na liundwe upya. Likishindwa hapo, uchambuzi wenyewe haujakamilika.