Gapi kwenye maji ya Kivu: kuzaa ni rahisi, amonia ndiyo inayoua vitoto

Mfugaji wa samaki wa mapambo hapa Mabanga, Goma, huwa na lalamiko moja. Jike alizaa vizuri, vitoto vikaonekana vikizunguka karibu na uso wa maji, na baada ya siku tatu nne vimekwisha. Mama hulaumiwa kwanza kwamba amewala wanawe. Kisha lawama huenda kwa baridi ya usiku, kisha kwa maji ya ziwa. Mama na baridi wana sehemu yao, nitawafikia. Maji ndiyo yanayostahili kuchambuliwa zaidi, maana sifa ileile inayomfanya gapi azae kwa wingi Goma ndiyo inayogeuza chakula kilichobaki kuwa sumu.

Tuanze na mwili wa samaki mwenyewe. Gapi, kwa jina la kitaalamu Poecilia reticulata, ni wa Venezuela, Trinidad na maeneo jirani. Mjerumani Wilhelm Peters ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka 1859. Mayai yake hayatagwi. Hukaa tumboni kila moja na kiini chake, vitoto hukua kwa chakula cha kiini hicho, na baada ya wiki tatu hadi nne hutoka vikiwa tayari vinaogelea na kutafuta riziki. Dume anatambulika kwa pezi la chini, nyuma ya tumbo, lililorefuka kama kijiti; kwa hilo huingiza mbegu ndani ya jike. Jike naye huhifadhi mbegu hizo kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana jike aliyenunuliwa peke yake anaweza kuzaa leo, akazaa tena mwezi ujao na ule unaofuata, bila dume yeyote tangini. Samaki wa asili wa Ziwa Kivu wana njia nyingine ya kulinda uzao: aina zipatazo 15 za Haplochromis, ambazo hazipatikani kwingine duniani, hutaga mayai kisha jike huyaatamia kinywani. Gapi akishazaa, amemaliza kazi ya umama. Kitoto kikipita mbele yake ni mlo.

Sasa maji. Maji ya juu ya Kivu yana pH inayokaribia 9 au kuizidi kidogo, bikaboneti nyingi sana, na magnesiamu inayozidi kalsiamu. Madini hayo yanatokana na miamba ya volkano na chemchemi zinazoingia ziwani kutoka chini. Samaki wa jamii ya gapi, moli na plati hupenda maji magumu yenye madini, na moli wengine huishi hata kwenye maji ya chumvichumvi ya pwani. Mfugaji anayetumia maji laini ya Mto Kongo hulazimika kuongeza madini ili moli wake wasidhoofike. Wa Goma huyapata bure kwenye bidoni.

Gharama iko kwenye hesabu ya amonia. Kila samaki hutoa amonia kwa mashavu yake, na kila punje ya chakula inayooza huongeza nyingine. Ndani ya maji amonia hukaa katika hali mbili: moja yenye chaji, isiyo na madhara makubwa, na nyingine huru, inayopenya mashavu na kuunguza. Kinachoamua mgawanyo huo ni pH na joto. Kwa nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na amonia huru chini ya asilimia 1. Kwa pH 8 ni kama asilimia 5. Kwa pH 9 ni kama asilimia 36. Chukua tangi lenye jumla ya amonia nusu miligramu kwa lita, kiasi ambacho mfugaji wa kwingine angekitazama bila hofu. Kwa pH 7, amonia huru ni miligramu 0.003. Kwa maji ya Kivu ni 0.18, ilhali madhara kwa samaki huanza kuhesabiwa kwenye 0.02 hadi 0.05. Samaki mkubwa atahema juu juu na pengine atapona. Kitoto cha milimita saba hakina akiba ya kungojea.

Wapo wanaojaribu kushusha pH kwa siki au ndimu. Hushuka kweli, halafu kesho yake imerudi, kwa sababu asidi hugeuza bikaboneti kuwa gesi ya kaboni inayotorokea hewani, na bikaboneti iliyobaki huipandisha pH tena. Samaki wamepanda na kushuka bure. Kuchanganya maji ya ziwa nusu kwa nusu na ya mvua nako hushusha pH kidogo tu, na mvua yetu hupita katika moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, ikaja na asidi na floridi. Siku ambazo majivu yametanda juu ya mabati, ni heri kuiacha kabisa. Kwa maoni yangu pH ya Kivu haina haja ya kupiganwa nayo. Kinachopasa kudhibitiwa ni amonia yenyewe, ikaribie sifuri.

Kwa hilo mji wetu una kifaa kizuri kuliko vinavyouzwa dukani, nacho ni jiwe la lava. Jiwe jepesi lenye matundu lina nafasi kubwa ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na ukali huo. Bakteria hao hutumia bikaboneti, na bikaboneti hapa haiishi. Lioshe jiwe kwa maji matupu mpaka vumbi liishe, uchague lisilo na ncha kali, na uweke mawili matatu pamoja na sponji inayovutwa na pampu ndogo ya hewa. Kisha subiri. Bakteria huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga, na tangi linalojazwa samaki siku lilipowekwa maji ndilo linaloua. Matundu hayohayo huwaficha vitoto wasionwe na mama yao, kwa hiyo kisanduku cha plastiki cha kumtenga jike anayekaribia kuzaa kinakuwa hakina haja. Binafsi sikipendi, maana jike huchoka humo na maji hayazunguki.

Maji yanayoletwa kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumwa, yanaweza kuwa na klorini, iwe ya Regideso, shirika la maji, au ile inayotiwa kwenye bidoni pale ufukweni kuzuia kipindupindu. Klorini huunguza mashavu na huua bakteria uliowangojea wiki zote hizo. Mimina maji kwenye beseni pana, yakae wazi siku nzima kabla ya kuingia tangini, na ubadilishe robo ya tangi tu kwa mara moja.

Tuko zaidi ya mita 1,450 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi. Maji matamu ya nyuzi 24 hapa hubeba oksijeni kama miligramu 7 kwa lita, wakati Mombasa yangebeba zaidi ya 8. Nyumba ya mbao nayo hupoa sana usiku, na tangi dogo hupoa pamoja nayo. Chini ya nyuzi 20 gapi hafi upesi, ila mimba huchelewa. Tangi kubwa kidogo, lililosogezwa mbali na ukuta wa nje na kufunikwa blanketi usiku, hushinda kifaa cha kupasha joto kinachotegemea umeme. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa. Pampu ikizimika, kilichobaki ni samaki wachache katika maji mengi na kusimamisha chakula. Samaki wazima huvumilia siku kadhaa bila kula, amonia hawaivumilii.

Chakula cha vitoto ni kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, kile kinacholiwa ndani ya dakika mbili. Unga wa sambaza kavu asiye na chumvi unafaa, ukitwangwa laini kama poda. Ziwani zamani kulikuwa na kiroboto-maji mkubwa, Daphnia curvirostris, chakula bora kwa vitoto vya samaki. Alitoweka baada ya sambaza, Limnothrissa miodon, kuletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, maana sambaza hula viumbe kama hao.

Anayetaka rangi atenganishe madume na majike kabla ya wiki ya nne, la sivyo mbegu iliyohifadhiwa itaharibu mpango wote. Na asiuze wakubwa wote mapema. John Endler alihamisha gapi huko Trinidad mwaka 1976, kutoka mahali adui alipokuwa akiwala wakubwa hadi mahali pasipo na adui huyo. Yeye, David Reznick na mwenzao walionyesha mwaka 1990 kwamba baada ya miaka 11 uzao wao ulichelewa kupevuka, ukazaa vitoto vichache, vikubwa zaidi. Mfugaji anayeondoa wakubwa kila mwezi anavuta upande wa pili: wadogo, wanaozaa mapema, vitoto vyembamba.

Limebaki suala la waliozidi, na watazidi. Gapi angeishi vizuri katika maji ya Kivu, hilo halina shaka. Mwaka 2006 alionekana ziwani Lamprichthys tanganicanus, samaki mwingine wa Tanganyika anayependwa kwa mapambo, ambaye watafiti waliomripoti walimweka katika ukoo wa Poeciliidae, ukoo wa gapi mwenyewe. Leo hawezi tena kuondolewa. Haplochromis 15 wa Kivu hawana ziwa lingine la kukimbilia. Gapi waliozidi wape majirani wenye matangi, au acha kuwaweka madume na majike pamoja. Ziwani usiwamwage, wala kwenye mtaro unaoelekea huko.